Hosiana na Gari Lililopigiwa Mwano

Hosiana Bujiku Ndaki wa Songwa, hilo ndilo jina lake kamili, na anayemwita Mama Jeki ajue kwamba amechukua kipande tu. Ndaki, babu yake, ndiye aliyemkaba fisi koo kwenye mlango wa zizi mpaka fisi akalegea, na mkono uliomkaba ukabaki na vidole viwili. Bujiku, baba yake, alikuwa katika wale wa mwanzo kabisa wa sungusungu, enzi zile watu walipochoka kuona ng'ombe wao wakiswagwa kila mwezi. Alifuata nyayo mpaka mbuga za Wembere, akarudi na ng'ombe wote na ncha ya mshale begani, akazikwa nayo. Mama yake, Generosa, alimpiga karani wa pamba kwa jiwe la mizani yake mwenyewe, mbele ya foleni nzima, kwa neno alilomwambia kuhusu kifua chake.

Hosiana hakuyaacha ya kwao. Aliolewa na Mabula, fundi wa malori, wakahamia Geita na kufungua gereji Kalangalala. Siku jeki ilipoteleza na lori kumlalia Mabula kifuani, Hosiana aliingiza gogo chini ya chesisi akalinyanyua lori kwa mabega yake mpaka mumewe akavutwa nje, ingawa alivutwa akiwa anakata roho. Arobaini haijaisha, shemeji zake wakaja kubeba spana. Aliwapokea mlangoni na mpini wa jeki. Mmoja wao mpaka leo akinywa maji yanatokea puani.

Huyo ndiye Hosiana. Alimlea mtoto wake mmoja, Edson, chini ya malori, na Edson akawa dereva na fundi wa kusifiwa. Edson ndiye kila kitu alichokuwa nacho mama huyu, na alijua hivyo.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa la njano, fupi kwenda juu kama kobe, na nyuma lina ubao mpana kama wa kufulia nguo. Lilitengenezwa huko lilikotengenezwa kwa ajili ya kuzunguka kiwanja cha mbio, lizunguke, lizunguke, kisha lifunikwe turubai. Tajiri mmoja wa Mwanza alilileta kwa kutaka sifa. Mke wake alipanda mara moja tu, akashuka ameshika kiuno, akaenda kwao. Yule tajiri akaliuza kwa mwenye hoteli wa Geita. Huyo lilimtia mtaroni siku ya mvua, kwa sababu tairi zake hazikuwa na meno, laini kama kigoti cha mtoto. Alipotoka mtaroni alimvua dereva wake shati akamchapa kwa mkanda wa suruali hadharani, kisha akaliuza wiki hiyo hiyo.

Likaangukia kwa Athanas.

Athanas alikuwa na maduara kule Rwamgasa, yaani mashimo ya dhahabu, na karasha zake za kusagia mawe. Alitoka Bukombe akiwa na kaptula moja, akaingia shimoni, shimo likamfukia, akafukuliwa akiwa hai, akarudi humo humo. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Aliwapiga wachimbaji, aliwapiga wapishi, na fundi wa kwanza aliyemwambia kwamba gari lake si la barabara hizi alimng'oa jino.

Akaja kwa Hosiana. Gari lilishushwa kutoka kwenye lori la kukokota, na Athanas akashuka kutoka kiti cha mbele cha lori, kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena kukaa ndani ya gari lile.

"Shikamoo Mama Edson."

"Marahaba. Unatembea kama mwenye jipu."

"Ni hilo likatili hapo. Linanitafuna kiuno. Kiti ni kigumu kama benchi la mahakamani, halafu hakilali. Nimepita tuta la stendi, tumbo la gari limebaki pale pale. Breki asubuhi hazishiki, zikishashika zinakugongesha meno, na zinalia kama mbuzi anachinjwa. Kiyoyozi hakuna, redio hakuna. Mama, mlango unafunguliwa kwa kamba. Kwa kamba, mimi! Kama banda la kuku."

"Na klachi?"

"Klachi nakanyaga mpaka mshipa wa paja unaruka. Na hii mikanda." Akaingiza mkono akavuta mikanda minne ya kiti, miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, yote inakutana kwenye kifungo kimoja tumboni. "Ukishafungwa hii unakuwa fahali wa kuchinjwa. Mimi sifungi. Naikalia."

Hosiana akazunguka gari, akapiga magoti, akaangalia chini. Akasimama akifuta mikono.

"Halina ugonjwa."

"Halina nini?"

"Ulinunua panga ukitaka kijiko. Hili limetengenezwa hivi. Kunyanyua nitalinyanyua, nitaweka springi nyingine na mipira. Bati la chini nitaliziba. Lakini kelele ndiyo inanitisha."

Hapo Edson alikuwa amekwisha kuingia kwenye kiti cha dereva na kuliwasha. Kweli gari lilinguruma. Lakini alipokanyaga mafuta na kuachia, bomba la nyuma lilitoa moto mfupi wa buluu na milio mitatu mikavu: ta, ta, ta. Mtaa mzima wa mafundi ukainama. Muuza maandazi alijitupa chini pamoja na beseni lake.

Edson alitoka akicheka mpaka machozi. Hosiana hakucheka. "Kule Rwamgasa majambazi wamemuua mume wa Justa juzi tu," alisema. "Walikuja na bunduki wakachukua dhahabu yake. Watu wa vijiji vile hawalali. Ukipita na mlio huu watapiga mwano."

Mwano ni yowe la Wasukuma, linalopigwa mtu akivamiwa. Ukilisikia unatoka na ulichonacho mkononi na kulifuata, na wewe unalipiga ili wa mbele yako asikie. Anayebaki nyumbani anatozwa faini, maana anahesabiwa kuwa upande wa mwizi. Hosiana alipokuwa msichana alikimbia nyuma ya baba yake kufuata mwano, akiwa na mchi mkononi. Alijua wanaofika hawaulizi. Wa kuulizwa ni yule aliyepiga, na yule huwa ameachwa nyuma kabisa.

Akachomelea sailensa kubwa ya lori chini ya gari lile. Likawa linatoa sauti ya mzee anayekohoa.

Athanas aliporudi kulichukua alilisikiliza, uso ukabadilika.

"Umelihasi gari langu."

"Nimekuokoa."

"Jumamosi nachinja ng'ombe dume duarani kwangu. Jiwe limetoa dhahabu vizuri. Nataka nikiwa bado barabarani, Rwamgasa yote ijue Athanas anakuja. Ng'oa hilo sufuria."

"Sing'oi."

Athanas akachukua nyundo juu ya meza, akalala ubavu, akaanza kuipiga sailensa. Vipande vya kutu viliruka. Hosiana akamshika kifundo cha mkono akakisokota mpaka nyundo ikaanguka. Athanas akainuka akamtandika kofi lililosikika ng'ambo ya barabara. Hosiana akayumba, akajishika kwenye bampa, na aliporudi alirudi na mpini wa jeki, akampiga nao mbavuni, paa! Athanas akakaa juu ya tairi bila kupenda. Edson akaruka katikati, mikono miwili imenyooka, mmoja kifuani kwa mama yake.

Athanas alikuwa anatafuta pumzi. Alipoipata, alicheka.

"Mama Edson, umenivunja ubavu."

"Unao mwingine."

"Ningekuwa na mwanamke kama wewe shimoni ningekuwa na meli ziwani." Akatema mate, yalikuwa na damu. "Edson, mdogo wangu. Wewe ndiye unayeliweza hili shetani. Utaniendesha Jumamosi. Nikae na wewe mbele, watu waone."

Edson hakumtazama mama yake. Alikuwa mtu mzima, ana mke, na toka alipolisikia gari lile hakuwa na usingizi.

"Mama, ni gari lake," alisema. Akachukua spana, akalala chini, akaifungua sailensa mwenyewe.

Hosiana aliuweka mpini wa jeki mahali pake. "Basi fuata barabara polepole," alisema. "Na ujifunge mikanda yote."

Jumamosi wakaondoka asubuhi, gari la njano mbele, Hosiana nyuma na pikapu yake ya kazi, jeki mbili na mbao nyuma, kwa kuwa alijua hata likiwa limenyanyuliwa litakwama tu. Mpaka Katoro palikuwa na lami na palikuwa heri. Watu walitoka madukani kushangaa. Athanas alitoa mkono dirishani akipunga.

Walipoingia barabara ya vumbi kuelekea Rwamgasa, Hosiana akaachwa. Alikuwa akiliona vumbi, halafu akawa anafuata vumbi la vumbi. Mashamba ya pamba yalikuwa pande zote mbili. Alisikia milio mbele, ta, ta, ta, kila Edson alipoachia mafuta kukwepa shimo. Akapiga honi mpaka kiganja kikauma. Nani atasikia honi ndani ya mlio ule.

Halafu akausikia mwano.

Ulianza na sauti moja ya mwanamke, nyembamba, inayopanda. Ikapokelewa kulia. Ikapokelewa kushoto, na mbele, na mbali zaidi mbele, na filimbi zikaingia ndani yake. Hosiana akakanyaga mafuta mpaka chini, jeki zikirukaruka nyuma kama mbuzi.

Aliyepiga alikuwa Justa, mjane wa yule aliyeuawa. Alikuwa akipalilia. Alisikia milio ile ile aliyoisikia siku mumewe alipoanguka mlangoni, na mbele ya milio kuna gari asilolijua, la rangi asiyoijua, linakimbia. Nani angengoja.

Vijana wa sungusungu walikuwa wamekwisha kusukuma mkokoteni wa ng'ombe katikati ya barabara. Edson alifunga breki, zikashika kama zinavyoshika, na pua ya gari ikaingia chini ya mkokoteni na kukwama. Wakaja. Walikuja kutoka ndani ya pamba, kutoka nyuma ya nyumba, wanaume kwa wanawake, na marungu, mapanga, majembe, pinde, mwiko wa ugali bado una unga.

Athanas hakuwa amefunga mikanda. Alivuta ile kamba ya mlango aliyoichukia, akatoka, akaona alichokiona, akakimbia. Laiti angelala kifudifudi. Mtu akikimbia mwano amekwisha kujitaja. Alikimbilia kwenye pamba, upande wa kushoto, nao wakamfuata.

Edson alibaki. Mikanda minne ilimshika kwenye kiti kama mtoto mgongoni, na dole gumba alilotaka kubonyezea kifungo lilikuwa limevunjwa na rungu la kwanza. La pili lilikuja kupitia dirishani likampata taya. Waliokuwa nje walishindwa kumtoa, wakawa wanampiga humo humo, na kwa kuwa dirisha lilikuwa dogo walizuiana wenyewe kwa wenyewe.

Hapo ndipo Hosiana alipofika. Alisimama juu ya ubao wa pikapu na kuona pande zote mbili kwa mara moja. Kushoto, ndani ya pamba, marungu yalipanda na kushuka kama watu wanatwanga, na katikati yao shati jeupe la Athanas. Kulia, gari la njano na migongo iliyolifunika.

Hakusimama kufikiri. Akaenda kulia.

Wa kwanza alimpiga mpini wa jeki kwenye mtulinga, akasikia mfupa ukikatika. Wa pili alimvuta kwa ukosi na kumtupa. Mtu akampiga yeye juu ya jicho, damu ikamfunika uso, akaendelea kwa jicho moja. Alikuwa akipiga na kusema kwa Kisukuma kwamba yeye ni ng'wana Bujiku, mtoto wa Bujiku wa Songwa, aliyefuata ng'ombe Wembere, na yule ndani ya gari ni mjukuu wake. Akafika mlangoni, akageuka, akauweka mgongo wake dirishani.

Mbele yake alisimama Masele, mtemi wa sungusungu wa kijiji kile, mzee mwenye koti la mvua, mshale umevutwa mpaka sikioni.

"Ondoka, mayu," alisema Masele. "Tumesikia bunduki yao."

"Umeisikia. Umeiona?"

"Ondoka."

"Nichome. Lakini kwanza uione bunduki yenyewe, usije ukanizika bila kuiona." Bila kugeuka akasema, "Edson. Toa gia. Washa. Kanyaga mafuta, achia."

Taya la Edson lilikuwa limening'inia. Hakuweza kujibu. Lakini alisikia, kwa maana tangu utoto sauti ile ilimwamuru chini ya malori. Gari likaamka. Likanguruma, na alipoachia, bomba la nyuma likatema moto mbele ya macho ya watu wote: ta, ta, ta.

Walilala chini wote, Masele pia, na mshale wake ukaenda angani. Hosiana peke yake alisimama.

"Tena," alisema.

Ta, ta, ta.

Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Watu wakaona moto unatoka wapi. Kijana mmoja alitambaa mpaka nyuma ya gari akachungulia bomba, akarudi nyuma. Masele alisimama, magoti yake yana vumbi, akaushusha upinde.

Lakini walioko ndani ya pamba hawakuona moto. Wao walisikia milio tu, wakajua majambazi wanapigana na wenzao kule barabarani, wakaona huyu waliye naye asije akainuka. Wakazidisha. Hosiana aliwasikia wakizidisha. Akapiga kelele waache, na Masele akapuliza filimbi, akakimbia huku anapuliza. Alipofika, hapakuwa na wa kuachwa.

Justa alifika wa mwisho, jembe begani. Alimtazama mtu aliyelala kati ya mistari ya pamba, akaenda barabarani akalitazama gari.

"Wako wapi waliokuwa na bunduki?" aliuliza.

Baadaye watu wengine walilichoma gari lile, na Hosiana hakuwazuia. Alikuwa amekata mikanda kwa panga la mtu na kumbeba mwanawe mgongoni mpaka kwenye pikapu.

Polisi walikuja, wakauliza, na kijiji kizima hakikuona kitu. Athanas alizikwa Bukombe na watu wachache, kwa haraka, kwa vile habari zilitangulia maiti: jambazi lililouawa Rwamgasa. Hata wachimbaji wake aliowaandalia ng'ombe hawakwenda. Ng'ombe yule walimla.

Edson alifungwa taya kwa waya hospitalini. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija na kuandika kwa kidole hewani akitaka kitu. Aliishi. Jicho la Hosiana halikurudi.

Siku moja Rebeka, mke wa Athanas, alikuja gereji. Hosiana alidhani amekuja kudai au kugomba, akamwekea kiti. Rebeka hakukaa.

"Mama, sijaja kwa ugomvi. Mume wangu alikuwa anapiga, hata mimi alinipiga, usinidanganye kwa kumsifu. Lakini watoto wameacha shule. Wanaitwa watoto wa jambazi. Mkubwa amempasua mwenzake kichwa kwa jiwe. Kwao pale walipomzika wamemweka pembeni, mbali na baba yake."

"Unataka nini kwangu?"

"Mwanao alikuwa ndani ya gari."

Akaaga, akaenda. Hosiana alibaki ameshika kiti kile kitupu. Alilolijua hakumwambia Rebeka: ile milio iliyomwokoa Edson ndiyo iliyommalizia Athanas, na aliyeiamuru ni yeye. Angeiamuru tena leo hii, na kesho.

Akampelekea Masele ujumbe kwamba Athanas hakuwa jambazi, na kijiji kiseme hivyo wazi. Masele akajibu kwamba sungusungu watakaa mkutano baada ya kuvuna pamba, vijiji vyote vya jirani, na atakayetaka kusema aje. Ila yeye Hosiana akija atatozwa faini kwanza kwa mtulinga wa kijana wao, na maneno ya mama hayatasikilizwa, maana mama husema lolote.

Jioni kabla Edson hajatolewa waya, Hosiana aliketi naye nje ya gereji, kitambaa cheusi juu ya jicho. Alimpa bakuli la uji, akangoja amalize.

"Kesho utafunguliwa mdomo," alisema. "Mke wako anataka neno la kwanza liwe la kwake, na mpe. La pili ni langu. Pamba ikishavunwa utakwenda Rwamgasa kwa barabara ile ile. Usiende na mtu. Mkutano ukikaa utasimama katikati."

Edson akatikisa kichwa, macho yamemtoka. Akaonyesha taya lake, kisha akaonyesha upande wa Katoro, kisha akajipiga kifua.

"Najua watakuwepo waliokupiga. Usiwatafute kwa macho, ng'wanawane, na usishtaki mtu. Huendi kwa hilo. Usiseme Athanas alikuwa mwema, hakuwa, na watajua unadanganya, hata lililo la kweli watalitupa. Sema hakuwa mwizi. Sema kelele ilikuwa ya gari, na sailensa uliifungua wewe kwa mkono wako. Nilipokuambia ukanyage, walioko kwenye pamba walisikia, wakammaliza. Hilo nalo liseme, wala usilipunguze kwa ajili yangu."

Akachukua bakuli mikononi mwake, akalipangusa kwa kanga.

"Halafu usiondoke. Kaa pale chini katikati yao mpaka Masele mwenyewe aseme kwa sauti, na Justa asikie, kwamba yule hakuwa jambazi. Wakikufukuza, kaa. Akishasema, panda gari uende moja kwa moja mpaka Bukombe, ukawaambie wale waliomzika pembeni."